SAUMU HAIKUJA KUHAMISHA CHAKULA

Darasa juu ya kutunza uzito wa mwili katika Ramadhani na siku za Idi

Twaingia katika darasa yetu ya mwezi huu. Darasa yenyewe ni juu ya tumbo. Twajua kwamba watakuwapo watakaosema kuwa tumbo si jambo la kusomeshwa msikitini, na kwamba ingekuwa bora tueleze nguzo za saumu na sharti zake. Hayo tumeyaeleza mara nyingi, na inshallah tutayaeleza tena. Walakini mtu aweza kuzihifadhi nguzo zote na sharti zote, akafunga mwezi mzima bila ya kuvunja hata siku moja, kisha akatoka katika Ramadhani mzito kuliko alivyoingia. Kisheria mtu huyo amefunga, wala hatuna ruhusa ya kumwambia kwamba hakufunga. Suala letu ni moja tu: alipunguza nini?

Hapa kwetu Magongo dalili za Ramadhani huonekana mapema. Siku za mwisho za Shaabani watu huvunja jungu, wakala kama kwamba waagana na chakula. Madukani sukari, unga wa ngano na mafuta ya kupikia hununuliwa kwa wingi, na asiyekuwa na pesa taslimu huandikisha katika daftari la mwenye duka. Kisha mwezi uandamapo, kila siku baada ya alasiri, kando ya barabara ielekeayo uwanja wa ndege, makarai huwekwa motoni: viazi karai, bhajia, sambusa, katlesi na kaimati. Harufu ya mafuta hutangulia adhana ya magharibi. Mtu asiyeijua dini yetu akipita saa hiyo atadhani huu ni mwezi wa karamu, na la kusikitisha ni kwamba hatakuwa amekosea sana.

WANAVYUONI WALILIJUA JAMBO HILI ZAMANI

Katika Sura ya al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa, na papo hapo akatukataza israfu. Ruhusa na katazo vimo katika aya moja, ili mtu asishike kimoja akaacha cha pili. Naye Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea al-Miqdam bin Maadikarib, alilifananisha tumbo na chombo ambacho ni vibaya kukijaza, akatufundisha kwamba mtu asiyekuwa na budi basi na aligawe tumbo lake mafungu matatu: fungu la chakula, fungu la kinywaji, na fungu la pumzi. Hadithi hii huijua kila mtoto wa chuoni. Tukijiuliza ni nani kati yetu aliyepata kuacha fungu la pumzi usiku wa Ramadhani, wengi tutainamisha vichwa.

Wala asidhani mtu kwamba kasoro hii imezuka juzi. Imamu al-Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijria, yaani 1111 wa Miladi, aliieleza katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din, kwenye mlango wa siri za saumu. Alilalamika kwamba watu wa zama zake walikuwa wakiweka akiba ya vyakula vya namna nyingi kwa ajili ya Ramadhani, wakala katika mwezi huo vitu wasivyovila katika miezi mingine. Akauliza vipi saumu itavunja nguvu ya matamanio ikiwa mtu, jua likitua, atakula yote yaliyompita mchana na kuongeza juu yake. Kisha akatoa kipimo ambacho ni chepesi kukumbuka: mfungaji na ale usiku kile ambacho angalikula usiku huo lau asingalifunga. Mtu akikusanya chakula cha mchana na cha usiku akavila pamoja, basi hakupata faida ya saumu yake.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye kiini cha darasa hii. Saumu imekuja kuondoa mlo, haikuja kuuhamisha. Anayeuondoa mlo wa mchana na kuupeleka usiku ni kama mtu aliyetolewa mzigo begani akaufunga kiunoni. Akipimwa katika mizani ataonekana ni yule yule.

HISABU YA USIKU MMOJA

Huku kwetu, kwa kuwa tu karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana. Saumu yetu ni kiasi cha saa 13 na nusu, iwe Ramadhani imeangukia Disemba au Juni. Waislamu walioko London, mwezi ukiwaangukia katikati ya Juni, hufunga zaidi ya saa 18. Sisi tumefanyiwa wepesi, tukabakiwa na usiku wa saa 10 na zaidi. Wepesi huo tumeugeuza nafasi ya kula mara tatu: futari wakati wa magharibi, chakula kikuu baada ya tarawehe, na daku kabla ya alfajiri. Baina ya hivyo vitatu hupita chai, kashata, na kipande cha mkate wa sinia kilicholetwa na jirani.

Basi tufanye hisabu, kwani hisabu haina upendeleo. Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori. Mtu mzima aghlabu huhitaji baina ya kalori 2,000 na 2,500 kwa siku, kulingana na umbo lake na kazi yake. Gramu moja ya sukari ina kalori 4, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi, nacho kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia chakaribia kalori 120.

Tumtazame mtu aliyekunywa jioni bilauri mbili za sharubati ya maembe au ya ukwaju, kila bilauri ikiwa na vijiko vinne vya sukari, kisha akanywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, kila kikombe vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 14, yaani gramu 56 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja katika kumi ya chakula cha siku, nayo ni kiasi cha gramu 50 kwa mtu mzima, na kwamba ni bora zaidi isipite nusu ya hiyo. Mtu wetu amekwisha kuupita mpaka kwa vinywaji peke yake, na kaimati zilizochovywa katika shira bado zi sinia moja mbele yake.

Sasa tuje kwenye mafuta. Chukulia kwamba katika sambusa, bhajia na viazi karai vya jioni umeingia mwilini mwake mwongezo wa vijiko viwili vikubwa tu vya mafuta, zaidi ya kile ambacho angalikula usiku wa kawaida. Hizo ni kalori 240. Kwa usiku 30 ni kalori 7,200. Nayo kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700 hivi. Basi mtu huyu, kwa vijiko viwili asivyoviona wala kuvihisi, yu karibu kujiwekea kilo moja ya shahamu, naye asubuhi husema kwa kweli tupu, "Mimi nimefunga."

Watu hutaja nazi kuwa ndiyo yenye kosa, nasi hatupendi kuidhulumu. Nazi ni neema ya pwani yetu, na mihogo ya nazi au mbaazi za nazi kwa kiasi ni chakula chema. Walakini kasimele, yaani tui zito la kwanza, ndilo lenye mafuta mengi. Anayemimina kasimele yote ya nazi mbili katika chungu cha watu watatu hakupika mihogo. Amepika mafuta yaliyotiwa mihogo.

YALIYOKUTWA NA WATAALAMU

Wataalamu waliokusanya tafiti nyingi za Waislamu wafungao katika nchi mbali mbali wamekuta kwamba, kwa wastani, uzito hupungua kidogo katika Ramadhani, kiasi cha kilo moja au zaidi kidogo, na kwamba wiki chache baada ya Idi uzito huo hurudi. Huo ni wastani. Ndani yake wamo waliopungua zaidi, na wamo walioongezeka. Maana yake ni kwamba saumu yenyewe huufungulia mwili mlango, nasi wenyewe huufunga mlango huo kwa mikono yetu, ama katika usiku wa Ramadhani ama katika siku za Idi.

Wala si Waislamu peke yao wapatwao na haya. Huko Marekani ulichapwa mwaka 2000 uchunguzi wa watu wazima 195, waliopimwa kabla ya sikukuu zao za mwisho wa mwaka na baada yake. Kwa wastani waliongezeka chini ya nusu kilo. Twaweza kusema kwamba nusu kilo si kitu. Lakini watafiti walipowapima tena baadaye waliona kwamba uzito ule wa sikukuu haukuondoka. Ulibaki, ukangoja sikukuu ya mwaka wa pili kuujalizia. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa tumboni. Mtu hanenepi kwa siku moja. Hunenepa kwa Idi moja baada ya nyingine, na afikapo miaka 45 hushangaa umetoka wapi mzigo huu.

Nchini mwetu Kenya, uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100, 27 walikuwa wamepita uzito unaofaa. Kwa wanawake walikuwa zaidi ya 38 katika 100, na kwa wanaume 17. Na katika hisabu za afya ya wanawake walio baina ya miaka 15 na 49, waliozidi uzito walikuwa 25 katika 100 mwaka 2008 na 2009, wakafika 33 mwaka 2014. Jambo hili lapanda, wala halishuki. Pamoja nalo hupanda maradhi ya sukari, shindikizo la damu, maradhi ya moyo na maumivu ya magoti, yale magoti ambayo tunayahitaji kwa kusujudu.

NDUGU YETU ALIYETUTOKA

Tulikuwa na ndugu yetu mmoja katika darasa hii, mtu wa makamo, aliyefanya kazi ya kubeba mizigo bandarini kwa miaka mingi. Zamani zile alikuwa akila sana, na jasho lake likikitumia chote alichokula. Kisha akapata kazi ya kukaa kitini. Kazi ilibadilika, sahani haikubadilika. Akapatikana na maradhi ya sukari, naye akatuficha, kwa kuwa aliona haya watu wasije wakasema kwamba fulani hafungi. Akawa akifunga pasina kumwuliza tabibu, na usiku akila kama sisi tulavyo. Mwishowe alitokwa na kidonda katika unyayo, kikakataa kupona, akakatwa mguu. Mwaka wa pili wake akafa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Tumeandika haya kwa idhini ya watu wake, wala si kwa kumlaumu marehemu. Lawama ni yetu. Kila usiku wa Ramadhani tuliketi naye katika sinia moja, na kila alipotoa mkono tulimwambia, "Ongeza, sheikh, hujala kitu," naye kwa adabu yake akaongeza. Hapana hata mmoja katika sisi, wenye kujiita wanadarasa, aliyemwuliza khabari ya afya yake. Tumesoma pamoja aya ya mgonjwa na ruhusa yake mara nyingi, wala hatukumfanyia wepesi wa kuitumia.

Basi na ieleweke: mwenye maradhi ya sukari, shindikizo la damu au maradhi ya figo na amwone tabibu kabla ya Ramadhani, mwezi mmoja au miwili mbele, amwulize kama aweza kufunga na dawa zake azitumie vipi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 zenye Waislamu ulionyesha kwamba wagonjwa wa sukari waliofunga walipatwa na khatari ya kupungukiwa mno na sukari mara kadhaa zaidi kuliko katika miezi mingine. Tabibu muaminifu akikukataza, kula kwako ni kuipokea ruhusa ya Mola wako: utalipa siku nyingine ukiweza, au utatoa fidia ya kulisha maskini ikiwa maradhi ni ya kudumu. Na aliye karibu na mgonjwa asimtazame kwa jicho la kumtafuta ila.

HOJA NA MAJIBU YAKE

Huenda mtu akasema: "Kufuturisha ni ibada yenye thawabu kubwa, nanyi mwataka kuwafungia watu mlango wa kheri." Jawabu yetu ni kwamba mlango huo hatuufungi, bali twataka uelekezwe kwa mwenye haja. Thawabu ya kumfuturisha mfungaji yapatikana kwa tende na maji. Sinia kumi na mbili zinazozunguka baina ya nyumba sita zilizoshiba, kila nyumba ikirudisha kwa nyingine ili isionekane kuwa bakhili, hizo ni mashindano. Pelekeni sinia mbili kwa mjane na kwa kibarua asiyekuwa na mtu wa kumpikia, na kumi nyingine zisipikwe.

Mwingine atasema: "Unene ni dalili ya neema. Mke wangu akikonda, watu watasema simlishi." Maneno haya twayasikia sana, na twakiri kwamba yana asili: wazee wetu waliona njaa na ndui, na mwili mkonde ulikuwa dalili ya maradhi. Lakini leo wengi wa wanaolala katika vitanda vya hospitali kwa maradhi ya sukari na kiharusi hawakuletwa huko na njaa. Neema ni siha. Mke apandaye ngazi bila ya kuhema ameonyesha neema ya mumewe kuliko aliyejazwa halua.

Wa tatu atasema: "Basi na tufunge ili tukonde." La, ndugu yetu. Saumu ni ibada na nia yake ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu peke yake. Hatusemi kwamba ni dawa ya kukondesha. Twasema kwamba aifanyaye ibada hii kama ilivyokusudiwa, mwili wake nao utapata haki yake bila ya yeye kuikusudia. Na mwenye mwili mdogo, mja mzito, mama anyonyeshaye, na mtoto akuaye hawahusiki na maneno yetu ya kupunguza chakula. Wao yawapasa kula vya kutosha.

Wako pia watakaowatupia lawama mabibi zetu kwa kuwa wao ndio wapikao. Hiyo ni dhulma. Bibi huingia jikoni baada ya adhuhuri, alasiri humkuta mbele ya karai, na magharibi husali kwa haraka huku roho yake iko katika shira isije ikaungua. Na kwa nini? Kwa kuwa bwana, akikuta vyakula vitatu badala ya saba, hununa. Usiku wa mwezi mtukufu humpita mwanamke huyu akiosha vyungu, na mumewe yu mbele msikitini akisifiwa kwa tarawehe yake. Mwanamume atakaye mabadiliko na aanze kwa ulimi wake na kwa sahani yake.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, futuru kwa tende chache na maji, kisha usali magharibi kabla ya kukaa kwenye chakula. Huo ndio mwendo wa sunna, nao una faida iliyo wazi: njaa ya kwanza hutulia, na mtu arudipo hula kwa akili wala hali kwa pupa.

Pili, futari na chakula cha usiku viwe kitu kimoja. Aliyekula mihogo au ndizi za nazi, samaki na mboga wakati wa magharibi hana haja ya sahani ya biriani baada ya tarawehe. Akitaka biriani, basi na iwe ndiyo futari yake.

Tatu, vya kukaangwa viwe vya siku moja au mbili katika wiki, na kila siku iwe na namna moja tu. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi na yamwagwe, yasirudiwe kesho. Tui la pili litumike kupikia, na kasimele itiwe kidogo mwishoni kwa ladha.

Nne, kiu ikatwe kwa maji. Sharubati na ipungue sukari kidogo kidogo, kijiko kimoja kila siku tatu, na ulimi utazoea kabla mwezi haujafika nusu. Tunda lililiwe zima. Embe lenyewe ni bora kuliko sharubati yake.

Tano, usiache daku, kwani Mtume (s.a.w.) amesema kuwa ina baraka. Lakini iwe chakula cha kukaa tumboni, kama maharagwe, mayai, mtama au uji usiokuwa na sukari nyingi, pamoja na maji ya kutosha. Aliyeacha daku hulipiza jioni.

Sita, tembea. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kutia joto mwili kwa wiki. Atokaye kazini Kilindini au katika viwanda vya Changamwe akishuka mbele kidogo ya kituo chake, akaja nyumbani kwa miguu badala ya kupanda pikipiki, na akaenda tarawehe kwa miguu akarudi kwa miguu, hisabu hii ataitimiza bila ya kutafuta uwanja wa michezo.

Saba, jipime. Asiyekuwa na mizani na achukue kamba, ajipime urefu wake kutoka unyayoni hata utosini, kisha aikunje kamba hiyo katikati na kuizungusha kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila ya kulivuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, na amshukuru Mola wake. Zisipokutana, shahamu ya tumboni imepita kiasi, nayo ndiyo yenye khatari zaidi. Afanye hivyo mwisho wa Shaabani, na afanye tena wiki moja baada ya Idi. (Mja mzito hahusiki na kipimo hiki.)

KHABARI YA IDI

Idi ni siku ya furaha, na kufunga siku hiyo ni haramu. Hatutaki mtu aje kwenye Idi na uso wa mgonjwa. Pilau na iliwe, watoto wapewe mkono wa Idi, na ndugu watembeleane. Walakini Idi ya Ramadhani ni siku moja, nasi tumeifanya siku nne, na katika kila siku mtu huingia nyumba tano au sita, akawekewa visheti, vileja, halua na soda katika kila nyumba. Akikataa, mwenye nyumba huona amedharauliwa.

Twashauri hivi. Mwenye nyumba na amkaribishe mgeni wake kwa uso mkunjufu, amwekee kidogo, wala asimwapie wala asimshurutishe. Mgeni na aonje, aombe dua, ashukuru. Kahawa chungu na tende mbili ni heshima ya kutosha kwa mtu yeyote. Na nyumba zilizo karibu, kama baina ya Magongo na Chaani au Port Reitz, ziendewe kwa miguu pamoja na watoto, ili wajue njia za jamaa zao.

Na baada ya siku ya Idi ziko siku sita za Shawwal, ambazo Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kuzifunga baada ya Ramadhani, kama ilivyopokewa na Abu Ayyub al-Ansari katika Sahihi ya Muslim. Fadhila yake kubwa ni ya akhera. Hata hivyo mtu atazame hekima yake ya duniani: wakati ule ule ambapo mwili wataka kurudi katika tabia yake ya zamani kwa kishindo, sunna yaja kuushika mkono.

Ama Idi ya kuchinja, nyama ni ya kugawa. Desturi njema ni kuifanya mafungu matatu: la watu wa nyumbani, la jamaa na jirani, na la maskini. Anayeijaza barafuni akala nyama kwa mwezi mzima amejinyima thawabu, na moyo wake ameubebesha mafuta.

MWISHO

Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, alipotoa gazeti lake Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, alitaka Waislamu wa pwani hii wajitazame wenyewe kabla ya kuwalaumu wengine. Tukijitazama katika jambo hili, hatutamwona adui mwingine ila mkono wetu wenyewe, nao mkono tunao sisi.

Mwaka huu wanadarasa wetu wamekubaliana mambo mawili. La kwanza, futari ya pamoja msikitini itakuwa tende, maji, na chakula cha namna moja. Pesa zitakazobaki zitanunua unga na maharagwe kwa ajili ya wasiokuwa na kitu katika mtaa wetu. La pili, hapana atakayemwambia mwenzake "ongeza" baada ya kuwa ametoa mkono katika sinia. Tumechelewa kwa yule ndugu yetu. Tusichelewe kwa aliye mbele yetu sasa, ambaye huenda naye yuaficha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tutoke katika Ramadhani tukiwa wepesi wa mwili na wepesi wa dhambi. Wabillahi tawfiki.